Kumdanganya mnunuzi kuhusu mnyama ni jinai, tuache kuita ujanja wa biashara

Kwato Nne (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Nimechoka kusoma watu wakieleza walivyolizwa kwenye mifugo, halafu wachangiaji wa kwanza wanawajibu "ungefungua macho, ndiyo biashara ilivyo". Aliyelizwa anaondoka na aibu, aliyemliza anaondoka na hela na kesho anatafuta mwingine. Leo nataka tulizungumze hili mpaka lieleweke.

Mtu akikwambia mtamba huyu (jike ambaye hajazaa) ana mimba ya miezi mitano, naye anajua fika hana mimba, ukaamini na ukalipa, huyo ametenda kosa la jinai. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinaliita kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Kenya limo kwenye kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3. Tanzania ni kifungu cha 302, hadi miaka 7. Uingereza wenyewe waliandika upya sheria yao mwaka 2006 wakaweka hadi miaka 10, na kwao siku hizi si lazima mnunuzi awe ameshatoa pesa. Ukisema uongo huku ukijua, kwa nia ya kupata au kumtia mwenzio hasara, kosa limekamilika hata kama alistuka akaondoka.

Sasa sikilizeni pale ambapo kesi nyingi hufia. Kwa sheria za aina ya ile ya Kenya, uongo unaohesabika ni ule unaohusu jambo lililopita au lililopo. Muuzaji akisema "huyu akizaa atakupa lita 20", ametabiri, na utabiri ukikosea mahakama ya jinai haina cha kushika. Akisema "uzao uliopita alikuwa anatoa lita 20", ametamka jambo lililotokea. Kama halikutokea na alijua, hapo amejifunga. Wauzaji wazoefu wanajua tofauti hii vizuri kuliko wanunuzi, ndiyo maana ukiwauliza habari za jana wanakujibu habari za kesho.

Tena uongo haupiti mdomoni peke yake. Sheria inasema maneno, maandishi au mwenendo. Mnaokumbuka mafundisho ya muamala, yaani sheria za Kiislamu za kuuziana, mnajua hadithi ya mnyama aliyefungwa kiwele: Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa ili kiwele kijae siku ya kuuzwa. Aliyeuziwa kwa namna hiyo alipewa hiari, amshike au amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kukamua. Muuzaji hakutamka neno hata moja, lakini kiwele kilichovimba kimesema kwa niaba yake. Hila hiyo ya karne ya 7 bado inafanyika leo, na leo wengine wanaongeza kuziba matundu ya chuchu ili maziwa yasivuje yakamtoa siri.

Roma ya kale nayo, mahakimu waliosimamia masoko walimtaka anayeuza mnyama wa kazi aseme wazi ugonjwa na dosari aliyonayo. Asiposema, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kudai kumrudisha. Kanuni hiyo ilikusanywa kwenye sheria za Justinian, mtawala wa Roma, mwaka 533. Kwa hiyo anayedai kuwa tangu dunia iumbwe mnunuzi hujilinda mwenyewe, hajui historia ya biashara anayoifanya.

Karibuni. Wenye utaalamu wa mifugo na wa sheria, naomba msipite kimya.

Fimbo ya Mnadani

Mleta mada nakuheshimu, ila umewaweka madalali wote kwenye kapu moja. Mimi nauza wanyama muda mrefu. Nikisema "fahali huyu ni moto, hutapata kama huyu popote", nimefanya jinai? Hakuna atakayeuza akianza kwa kutaja ubaya.

Kwato Nne

Hapana ndugu yangu, hujafanya. Hiyo ni sifa ya muuzaji, kila mtu anajua ni maoni yako na hakuna mizani ya kupima "moto". Kosa linaanza pale unapotaja kitu kinachoweza kupimwa ukajua ni uongo: umri, mimba, chanjo, uzito, maziwa ya uzao uliopita, mbegu yake, alikotoka, nani mwenye mali. Sijawaweka wote kapu moja. Dalali mkweli ndiye anayeumia zaidi, maana mwongo akisema "miaka mitatu" kwa ng'ombe wa miaka tisa, anauza kwa bei ileile unayouzia wewe wako wa kweli.

Daktari wa Zizini

Mimi ni daktari wa mifugo. Niongeze yale yanayoweza kuhakikiwa na yale ambayo jicho halitakusaidia kabisa, maana watu wanachanganya.

Umri: fungua mdomo. Ng'ombe ana jozi nne za meno ya mbele ya chini. Jozi ya kwanza ya kudumu hutoka akiwa na miezi kama 18 hadi 24, na kinywa hujaa akikaribia miaka 4 au 5. Ukiambiwa ni mtamba wa mwaka mmoja ukakuta meno manne makubwa, huna haja ya mtaalamu. Wapo wanaokwangua pete za pembe ili mzee aonekane kijana, kwa hiyo usimalizie kwenye pembe.

Mimba: ng'ombe hubeba siku 283 hivi. Mtaalamu kwa mkono anaweza kuitambua kuanzia kama wiki ya sita, na kipimo cha mawimbi ya sauti huiona mapema zaidi. Tumbo kubwa si ushahidi, linaweza kuwa limejaa majani na maji tu.

Uzito: hapa ndipo pana wizi wa kila siku. Ng'ombe akinyimwa maji kisha akalambishwa chumvi, anaweza kunywa lita 40 na zaidi kwa mkupuo, na kila lita ni kilo moja mizani inaisoma kama nyama. Kama hakuna mizani, chukua utepe. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa urefu kutoka bega hadi ncha ya mfupa wa makalio, gawanya kwa 10,840. Kifua 160 na urefu 130 inakupa kilo 307 hivi. Ni makadirio, yanaweza kupotoka kidogo, lakini muuzaji anayekwambia huyo ana kilo 400 lazima ajieleze.

Halafu kuna yasiyoonekana. Ugonjwa wa kutupa mimba, kwa maana ya brusela, na kifua kikuu cha ng'ombe havina alama usoni. Mnyama ananawiri, manyoya yanang'aa, na damu yake ina ugonjwa utakaoingia kundi lako lote na ndani ya maziwa ya watoto wako. Mtu anayeuza mnyama aliyekwisha kupimwa na kukutwa mgonjwa, akasema "huyu mzima", mimi simwiti tapeli tu. Anahatarisha maisha ya watu. Uingereza mwaka 2011 walilazimika kuanza kuchukua sampuli za DNA kwa ng'ombe waliokutwa na kifua kikuu, kwa sababu baadhi ya wafugaji walikuwa wanabadilisha heleni za masikioni zenye namba ya mnyama: mgonjwa mwenye maziwa mengi anabaki zizini, mzima asiye na faida anapelekwa kuchinjwa kwa namba ya mgonjwa na fidia inalipwa.

Heleni, chapa, karatasi, vyote hivyo vinamfuata aliyevishika. Linganisha namba ya sikioni na namba ya kwenye cheti kabla hujafungua pochi.

Ndama Pacha

Daktari umenigusa. Nilinunua mtamba mzuri sana kwa ajili ya kuzalisha. Kila nikipandisha hashiki. Baadaye jirani wa muuzaji akanipa habari kwamba alizaliwa pacha na dume, na muuzaji analijua hilo vizuri sana. Nilipomuuliza akasema "hukuniuliza". Je, kunyamaza nako ni udanganyifu?

Daktari wa Zizini

Pole sana. Kwanza elimu: ng'ombe wakiwa mapacha dume na jike, mara nyingi mishipa ya damu ya kondo zao huungana tumboni. Homoni za dume zinamfikia jike wakati viungo vyake vya uzazi vinajengeka, vinadumaa. Zaidi ya majike 9 kati ya 10 wa aina hiyo ni tasa. Wafugaji wengi wanalijua kwa uzoefu hata kama hawajui sababu. Mwite mtaalamu ampime na aandike ripoti, maana kutoshika mimba peke yake hakutoshi, tatizo linaweza kuwa kwa dume au kwa siku ulizopandisha.

Kizimba Wazi

Upande wa sheria nijibu mimi, ndiyo kazi yangu.

Ndugu Ndama Pacha, swali lako ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu. Kunyamaza kutupu, kwa kawaida, hakutoshi kumfunga mtu jela isipokuwa sheria ilimlazimisha kusema. Uingereza wana kosa la kutofichua, lakini kwa mwenye wajibu wa kisheria wa kufichua tu. Hata hivyo, usikate tamaa haraka, kumbuka mazungumzo yenu yalivyokuwa. Ulimwambia unataka wa kuzalisha? Yeye alijibuje? Kama alisema "huyu atakufaa kwa kuzalisha", au alimtangaza kama "mtamba wa mbegu", hakunyamaza tena. Na ukweli nusu ni uongo: akisema "mama yake huzaa vizuri, hata juzi alizaa mapacha" akaruka kwamba mmoja alikuwa dume na mwingine ni huyu, amekujengea picha ya uongo kwa makusudi.

Hata jinai ikishindikana, madai yapo. Kwenye jinai upande wa mashtaka unathibitisha pasipo kuacha shaka. Kwenye madai unathibitisha kwamba maelezo yako yanaelekea kuwa kweli kuliko yake. Na ukinunua kitu kwa matumizi uliyomweleza muuzaji aliye kwenye biashara hiyo, sheria za mauzo ya bidhaa katika nchi nyingi zinamtaka atoe kinachofaa kwa matumizi hayo.

Ila tuwe waangalifu tusimwite kila aliyekosea mhalifu. Mwaka 1887 mahakama ya juu ya Michigan, Marekani, iliamua kesi ya Sherwood na Walker. Ng'ombe wa mbegu bora aliuzwa kwa bei ya nyama kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote waliamini ni tasa. Kabla hajakabidhiwa ikabainika ana mimba, na thamani yake halisi ilikuwa karibu mara kumi. Mahakama ilimruhusu muuzaji kuvunja mauziano kwa sababu wote wawili walikosea kuhusu mnyama mwenyewe. Hakukuwa na mdanganyifu hapo. Jinai inakaa kwenye kujua. Ukishindwa kuonyesha kwamba alijua, umebaki na kosa la kibinadamu na mgogoro wa madai.

Fimbo ya Mnadani

Nashukuru kwa ufafanuzi, nimeelewa mstari unapopita. Sasa niseme la upande wetu, maana uzi huu wote ni "muuzaji mwongo". Wanunuzi je? Tunakutana na watu wanajitambulisha kama mawakala wa machinjio makubwa, wanachukua kundi zima kwa hundi au kwa "pesa inaingia jioni", wanayeyuka.

Kwato Nne

Una haki kabisa, na huo ni udanganyifu uleule. Kujiita wakala wa mtu ambaye hakukutuma ni uongo kuhusu jambo lililopo. Kutoa hundi ukijua akaunti haina kitu pia.

Tena hapo hasara hufika mbali kuliko za mtamba mmoja. Marekani mwaka 2010 kampuni ya madalali iliyoitwa Eastern Livestock ilianguka, hundi zake zikarudi, wauzaji zaidi ya 700 katika majimbo 30 hivi wakabaki bila ng'ombe na bila pesa. Na hiyo ni nchi ambayo tangu mwaka 1921 ina sheria maalumu ya masoko ya mifugo, inayomtaka dalali aweke dhamana na alipe haraka. Dhamana iliyokuwepo haikufikia deni hata kwa mbali. Kwa muuzaji, kinga ni moja: mnyama asipande gari mpaka pesa iwe imeonekana kwenye akaunti yako, si kwenye ujumbe aliokuonyesha yeye kwenye simu yake.

Mizani ya Haki

Kwa kuwa mmetaja kampuni, naomba tusiache ng'ombe hewa. Hii ndiyo iliyonishtua kuliko zote.

Cody Easterday alikuwa mfugaji mkubwa jimbo la Washington, Marekani. Makubaliano yake na Tyson, kampuni ya nyama, yalikuwa hivi: yeye ananunua ng'ombe na kuwanenepesha, kampuni inamrudishia gharama za kununua na kulisha, mwisho wakichinjwa anapata kinachobaki. Kuanzia 2016 hadi mwishoni mwa 2020 alipeleka ankara za ng'ombe zaidi ya 200,000 ambao hawakuwahi kuwepo. Hawakununuliwa, hawakula kitu, walikuwa kwenye karatasi tu, na kampuni ikawa inalipia malisho yao. Pamoja na kampuni nyingine aliyoifanyia hivyo, jumla ilifika dola milioni 244. Pesa nyingi alizipoteza kwenye kamari ya bei za mazao na mifugo kwenye soko la mikataba ya baadaye, pale watu wanapofungiana leo bei ya mzigo wa siku zijazo. Alikiri kosa mwaka 2021, na Oktoba 2022 alihukumiwa miaka 11.

Jiulizeni: kampuni yenye wahasibu na mawakili ilikosa nini? Mtu wa kwenda zizini kuhesabu. Ankara zilikuwa safi, namba zilijumlika. Hakuna aliyesimama getini na daftari.

Bi Malisho

Na hapo ndipo wanapoliwa wananchi wa kawaida, mkuu. Hii miradi ya "nunua mbuzi wako, sisi tunakufugia, kila baada ya miezi fulani unapokea faida". Unatumiwa picha ya mnyama na namba yake. Uingereza miaka ya 1990 walipigwa hivyohivyo kwa mbuni: kampuni ya Ostrich Farming Corporation iliwauzia watu ndege kwa kuwaahidi faida ya zaidi ya nusu ya mtaji kwa mwaka na kwamba itawanunulia vifaranga, mpaka serikali ikaenda mahakamani kuifunga mwaka 1996. Ndege wengine walikuwa wameuzwa kwa zaidi ya mtu mmoja.

Mnyama halisi hula, huumwa, hufa, hukosa mimba. Mtu anayekuahidi faida ileile kila mwezi kutoka kwa kiumbe hai, mwulize vifo anavihesabu wapi. Nimewauliza wengi swali hilo na sijawahi kupata jibu lililonyooka. Mama zetu wanaweka humo akiba ya uzeeni, inaniuma sana.

Ndama Pacha

Na wale wa mtandaoni wanaotaka "hela ya kumshikia tu"?

Kwato Nne

Picha inaibwa kwa sekunde. Mwombe akupigie kwa video mnyama akiwa mbele yake, amfungue mdomo, asome namba ya heleni, amtembeze ili uone kama anachechemea. Anayemiliki mnyama atafanya. Asiyemiliki atakuwa na sababu: mtandao mbovu, mchungaji kaondoka, kuna mteja mwingine anakuja saa hii. Ukisikia ada mpya inaongezeka kila ukilipa, mara ya usafiri, mara ya kibali, mara ya chanjo, simama hapohapo usiongeze hata senti.

Kizimba Wazi

Naomba kurudi kwenye ushahidi, kwa sababu watu wengi wana kesi nzuri na hawana cha kuonyesha.

Kabla ya kulipa, mfanye muuzaji atamke madai yake kama mambo ya kweli, na yaandikwe. Hati ya mauziano ya nusu ukurasa inatosha: nani anauza, nani ananunua, mnyama wa rangi gani, alama na namba ya heleni, umri, "ana mimba ya miezi mitano iliyopimwa na fulani tarehe fulani", amechanjwa nini na lini, si wa wizi wala hana deni. Sahihi zenu, na shahidi mmoja kila upande. Mkikubaliana kwa simu, baadaye mwandikie ujumbe: "Kama ulivyonieleza leo, ana mimba ya miezi mitano." Akijibu "ndiyo", una maandishi. Muuzaji mkweli hatachukia hata kidogo. Anayekasirika ukitoa kalamu, mwache na mnyama wake.

Ukishagundua umedanganywa, kasi ni muhimu. Mwite daktari siku hizohizo, usisubiri mwezi. Kila siku inayopita inampa muuzaji neno la kusema: alipata ugonjwa kwako, alitupa mimba njiani, ulimlisha vibaya. Piga picha mnyama na heleni yake. Usimchinje, usimuuze kwa hasira, yeye mwenyewe ni kielelezo. Tunza risiti na jumbe zote, na usifute hata zile ulizotukana. Halafu andika maelezo ukianzia kwa yale aliyoyasema kabla ya malipo, kwa maneno yake. Polisi wengi wakisikia "nilinunua ng'ombe mbaya" wanakwambia nenda mahakama ya madai. Ukisema "aliniambia amepimwa na kukutwa na mimba, hii hapa sahihi yake, na hii hapa ripoti kwamba hana na hakuwa nayo siku ile", unazungumza lugha ya jinai.

Fimbo ya Mnadani

Swali moja mkuu. Tukiandika "anauzwa kama alivyo, hakuna kurudisha", muuzaji kajilinda?

Kizimba Wazi

Kwa dosari asizozijua, huenda ikamsaidia kwenye madai. Kwa uongo alioutamka akijua, hapana. Mtu hawezi kujiandikia ruhusa ya kudanganya.

Ndama Pacha

Nimepata daktari, anakuja kesho kumpima. Ila jana muuzaji kanipigia, anasema atanirudishia hela nusu nisiende popote. Nifanye nini?

Kizimba Wazi

Acha daktari amalize kwanza, usijibu lolote mpaka ripoti iwe mkononi. Andika tarehe na saa ya simu hiyo na alichokisema, kwa maneno yake. Kurudishiwa pesa yako ni haki yako na unaweza kuipokea, ikiwezekana yote, kwa maandishi. Usichokifanya ni kumwambia "nilipe mara mbili la sivyo naenda polisi". Kudai malipo ili unyamazie jinai kunaweza kukugeuza wewe mshitakiwa, na atautumia ujumbe wako dhidi yako. Na asikuandikishe kwamba hutatoa ushahidi ukiitwa. Ripoti ikitoka, nitumie faragha nikuelekeze namna ya kupanga maelezo.